Shuka Jeupe Juu ya Injini

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Kapya alimimina mafuta ya taa ndani ya silinda kupitia tundu la buji, ile plagi ya cheche, akaliziba tundu kwa kitambaa, akakaa kungoja. Kutu ilikuwa imeigandisha pistoni kwenye ukuta wa silinda, na hakuna kilichoweza kuiachanisha isipokuwa mafuta, subira, na kipande cha mti mgumu cha kugongea. Alikuwa ametandika mkeka uani ili skrubu ndogo zisipotee mchangani. Trekta ilisimama katikati ya mkeka. Ilikuwa trekta ya bustani, yenye magurudumu mawili, na nyuma yake mishikio miwili mirefu ambayo mtu huishika akitembea. Kimo chake kilikuwa cha mtu aliyeketi.

"Kapya," mkewe Angélique aliita kutoka jikoni. "Ile mukeka iko ya nani?"

"Iko ya baba."

"Na nani analala juu yake?"

"Trekta."

"Bon. Nilizania ni macho yangu." Alitoka na beseni la majani ya mihogo, akasimama kuangalia madoa ya mafuta. "Siku ya kurizisha jina, mupwa wa baba atakaa fasi gani? Mu mafuta?"

"Nitaisafisha."

"Utaisafisha na nini? Na Ave Maria?"

Kapya aliinamisha sikio karibu na silinda, akisikiliza mafuta yakishuka.

Wakati huo jua la Oktoba lilikuwa limeufanya udongo wa Élisabethville kuwa kama tofali. Kunda, baba yake Kapya, alikuwa amekufa mwanzoni mwa kiangazi. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba, mpaka kifua kikaharibika. Baada ya hapo alilima viazi vitamu bondeni, nyuma ya Makomeno, mahali nyumba za wafanyakazi wa reli zinapoishia. Bibi yake alikuwa amelima hapo kabla mji haujakuwepo. Mji ulisogea taratibu, nyumba kwa nyumba, mpaka siku moja Kunda alipoinua kichwa akiwa shambani akaona dirisha lenye pazia.

Juma lililofuata mazishi, ajenti wa ardhi alikuja na gari lake hadi ukingoni mwa bonde. Alikuwa Mbelgiji mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alieleza kwamba shamba lilikuwa la Kunda, na hilo serikali ililijua. Sasa Kunda amekufa. Mvua ya kwanza ikilikuta halijalimwa, litaitwa ardhi tupu, na ardhi tupu ni ya serikali. Serikali ilikuwa imekwisha kuwaahidi watu wa klabu ya tenisi. Halafu akatoa pole. Ili kutoa pole alivua kofia.

Angélique na Mayosenge walikwenda na majembe. Mayosenge, yaani shangazi, ndivyo kila mtu nyumbani alivyomwita Mwaba, dada wa Kunda. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Yalitofautisha tu cheupe na cheusi. Alilima kwa kupapasa. Jembe la kwanza lilivunjika mpini, la pili likapinda bapa lake kama kijiko, na sehemu waliyoilima haikutosha hata kulaza mbuzi. Kapya naye alishinda kwenye gereji ya Wazungu tangu Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Ndipo patroni wake alipomwambia aiondoe ile trekta iliyooza nyuma ya gereji, au aizike. Kapya aliisukuma mpaka nyumbani, mtaa wa Albert, gurudumu moja likilia njia nzima.

Lakini lilikuwepo jambo la pili, nalo halikutaka jembe.

Katika ukoo wa Kunda jina la mtu halizikwi. Hupewa mpwa wake, mtoto wa dada. Mpwa huyo huketi juu ya mkeka, hufunikwa shuka jeupe, hupakwa unga kwenye paji la uso, hufungwa shanga nyeupe shingoni na kunyweshwa maji. Akishakunywa, yeye ndiye Kunda. Watoto wa Kunda humwita baba, hata kama wamemzidi umri, na mashamba ya Kunda ni yake. Kapya hakuweza kulichukua jina. Mtoto wa kiume ni wa ukoo wa mama yake. Mpwa alikuwa mmoja tu, Mwansa, mtoto wa pekee wa Mayosenge, aliyekuwa akinunua na kukausha samaki huko Kasenga, kando ya Luapula. Walikuwa wamemtumia habari kwa dereva wa lori la samaki.

Kabla jina halijapata mahali, Kunda alikuwa nje. Kila jioni, jua lilipoegemea bomba refu la kiwanda, alikuja akasimama kwenye mlango wa ua akiwa na koti lake la kazini. Hakuingia, kwa sababu hakuwa na jina la kukaribishwa nalo. Alikohoa kama alivyokohoa siku zote: mbili fupi, moja ndefu. Angélique alimwekea kigoda. Kunda alikitazama, lakini hakukaa.

"Mutoto wako anachelewa," Angélique alimwambia Mayosenge.

"Njia iko murefu," Mayosenge alisema. "Na Kunda alizoea kusimama. Bazungu balimusimamisha miaka mingi."

Pistoni iliachia Jumapili iliyofuata, kwa sauti ya mtu anayetoa mguu kwenye matope. Kapya aliichomoa, akaisugua, akazipanga pete zake juu ya mkeka. Gasketi ya kichwa cha injini aliikata kutoka bamba la shaba ambalo Kunda alileta nyumbani zamani, akiwa amelificha chini ya shati. Kapya aliichoma motoni mpaka ikawa nyekundu, akaichovya majini ili ilainike. Gasketi ya karbureta aliikata kutoka ulimi wa kiatu cha kazi cha marehemu. Ngozi hiyo ilikuwa imekunywa mafuta na jasho kwa miaka mingi na haikuwa na haja ya kulainishwa.

Kwa boya la karbureta alikwenda kwa Abibu, fundi bati, ambaye babu yake alikuja kutoka Maniema na ambaye karakana yake ilikuwa jirani na msikiti. Boya la zamani lilikuwa limetoboka. Abibu aliligeuza mbele ya macho, akalitikisa, akasikia petroli ikicheza ndani.

"Unataka boya, ao unataka muujiza?"

"Boya."

"Basi kaa. Muujiza ingechukua juma nzima." Alichukua tumbo la taa kuukuu ya shaba nyeupe, akaanza kulikata. "Na hii masini, Kapya, utalima nayo wapi? Mu sahani?"

"Kwa baba. Nyuma ya Makomeno."

Abibu aliacha kukata. "Banasema kule kutakuwa bantu banapiga mpira na kijiko."

"Batapiga fasi ingine."

"Inshallah," Abibu alisema, akaendelea na kazi. Alilehemu boya bila kuacha hata tundu la sindano.

Siku chache kabla ya sherehe trekta ilikuwa nzima. Sumaku ya cheche ilitoa cheche ya buluu. Petroli ilishuka. Hewa iliingia, na mgandamizo wa silinda ulikuwa na nguvu hata kamba ya kuwashia ilimrudi Kapya mkononi. Ila injini haikuwaka. Alivuta mpaka bega likauma. Ilizunguka tu, kimya, kama mtu anayesikia akiitwa lakini hana hakika kama ni yeye.

"Inakosa nini?" Angélique aliuliza.

"Haikosi kintu."

"Mais haiwake."

"Haiwake," Kapya alikubali.

Jumamosi ya sherehe upepo ulibadilika ukaanza kuleta masizi ya bomba la kiwanda. Kapya alikuwa ameacha injini wazi, bila kifuniko cha tangi, maana asubuhi alikuwa amevuta kamba tena. Ili masizi yasiingie aliifunika kwa shuka la karibu, na shuka la karibu lilikuwa lile lililofuliwa na Angélique kwa ajili ya Mwansa. Alikusudia kuiondoa trekta mkekani wageni wakianza kufika. Wageni walianza kufika. Kulikuwa na mitungi ya munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, ya kubeba, na viti vya kuazima, na Kapya akatumwa huku na huku.

Lori la samaki halikuonekana. Mchana ulipita. Hatimaye Mayosenge, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameambiwa kwamba Mwansa yu njiani, alitoka chumbani akiwa na shanga kwenye kiganja. Aliona uani weusi wa watu, na katikati ya weusi huo, juu ya mkeka, kitu cheupe kilichoketi kwa adabu. Akakiendea moja kwa moja.

Katika ukoo huo kuna mwiko mmoja ambao hata walevi huuheshimu. Tangu mzee anaponyanyua shanga hadi maji yanapomezwa, hakuna anayesema neno. Neno likitamkwa huingia ndani ya jina na kubaki humo. Walikuwa naye mzee mmoja, Kabwe, ambaye siku alipopokea jina mtu fulani alisahau akapaza sauti kwamba mbuzi amefunguka. Mzee huyo aliitwa Kabwe Mbuzi-Amefunguka mpaka akafa, na katika maisha yake hakuna mbuzi aliyeweza kukaa kwenye kamba mbele yake.

Basi watu wote uani waliona, na wote wakanyamaza. Angélique aliweka kiganja mdomoni. Kapya alisimama na mtungi mikononi, mguu mmoja mbele.

Mayosenge aliingiza mkono chini ya shuka. Alipapasa mapezi ya silinda kama mbavu, akatikisa kichwa kwa huzuni, maana aliona mwanawe amekonda. Alipaka unga juu ya bamba la mbele. Alizifunga shanga kwenye shingo ya tangi, fundo juu ya fundo.

"Kunda, kaa," alisema. Yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema. "Kunda, kunywa."

Alitafuta mdomo kwa kidole, akaupata wazi, akamimina maji ya kibuyu. Yaliingia yote.

Watu wakapumua. Angélique alikuja akamshika mkono.

"Mayo, Mwansa hakufika."

"Na huyu ni nani?"

"Trekta ya Kapya."

Mayosenge hakuutoa mkono wake. Kidole chake kilikuwa bado kwenye shingo ya tangi.

"Ilikunywa?"

"Ilikunywa."

"Ilimaliza?"

"Ilimaliza yote, mayo."

"Basi ni Kunda," Mayosenge alisema, akapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, kama wanavyosalimiwa wakubwa. Wageni nao wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kama munkoyo ulikuwa umechachuka vya kutosha.

Kapya, ambaye kazi yake ilikuwa injini, alijua kwamba petroli yenye maji haiwaki. Kabla hajaweka mtungi chini injini ilikohoa: mbili fupi, moja ndefu. Kisha ikawaka, ikatulia katika mngurumo wa chini, na shuka likatetemeka juu yake. Jioni hiyo hapakuwa na mtu kwenye mlango wa ua. Angélique alikirudisha kigoda ndani.

Mwansa alifika juma lililofuata, na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Alikuwa amezuiliwa Kasomeno. Buku lake la utambulisho lilikosa muhuri wa kuingia mjini, na polisi walimweka afagie ofisi yao mpaka mwenye muhuri aliporudi kutoka mapumzikoni. Alimsalimu mama yake, kisha akachuchumaa mbele ya trekta akapiga makofi.

"Mujomba, samahani. Balinisimamisha mu njia."

Kunda alikohoa.

"Fasi yangu ilishajaa," Mwansa alimwambia mama yake.

"Ilijaa. Weye ulichelewa."

"Si miye, mama. Ni muhuri."

Aliacha samaki, akala, akaondoka kesho yake, kwa sababu ruhusa yake ya kukaa mjini ilikuwa imekwisha.

Kunda alikwenda shambani. Kapya alishika mishikio, lakini zaidi alitembea tu nyuma. Trekta za namna ile zimetengenezwa kuchora mistari iliyonyooka, na Kapya alikuwa ameziona zikifanya hivyo kwenye bustani ya patroni. Kunda hakuchora mistari. Alizunguka, akarudi, akazunguka, akikusanya udongo kuwa matuta ya mviringo, kila tuta likiwa na bega upande ambao maji hushukia. Alivuta kidogo kushoto, kama alivyokuwa akivuta tangu gari la mawe lilipomkanyaga mguu. Udongo uliokuwa tofali ulifunguka. Angélique na Mayosenge walifuata wakichomeka vipande vya mashina ya viazi, na Mayosenge alimsemesha kaka yake njia nzima.

"Usikimbie, Kunda. Nani anakufukuza? Ulikuwa unakimbia vile hata mutoto."

Kunda alipochoka alizima mwenyewe. Hapo Angélique alimwekea tumbaku kidogo karibu na bomba la moshi, na baada ya muda tumbaku haikuwepo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Ijumaa ajenti wa ardhi alikuja na polisi mmoja aliyeitwa Mumba, akakuta bonde zima limejaa matuta, na majani madogo yameinuka juu yake. Jioni ilikuwa inakaribia na Kapya alikuwa ametoka kazini.

"Nani amelima hapa?" ajenti aliuliza.

"Kunda."

"Kunda amekufa. Nilivua kofia mimi mwenyewe."

"Jina lake lilipata fasi, Bwana."

"Kwa nani?"

Kapya alionyesha. Kunda alikuwa mwisho wa shamba, injini ikinguruma taratibu, shanga zikiwa zimelowa. Ajenti alimwendea, akamzunguka mara moja, akatazama unga uliokauka juu ya bamba la mbele. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi. Akatoa kalamu.

"Buku yake iko wapi?"

"Hana buku, Bwana."

"Mwanaume mzima, ndani ya mji, bila buku," ajenti alisema. Hakuwa na hasira. "Mumba, mpeleke buloko."

Mumba alishika mshikio wa kulia. "Twende, batata," alisema kwa upole, kama mtu anavyomwita baba yake, kwa kuwa Kunda alikuwa mtu wa umri. Wakapanda kilima pamoja, wakipita mbele ya madirisha yenye mapazia.

Gerezani Kunda alipimwa kimo. Alitengenezewa buku. Mahali pa alama za mwili waliandika: shanga nyeupe shingoni, huvuta kushoto. Mahali pa kidole gumba waliweka doa la mafuta. Kodi yake iliandikwa palepale. Asubuhi, bendera ilipopandishwa, hakuvua kofia, na kwa kosa hilo na la buku alipigwa kiboko mbele ya wafungwa wengine. Sajini aliyepewa kazi hiyo alimwomba radhi kwanza, kama inavyofanywa kwa wakubwa. Bamba la upande lilibonyea.

Kesi ya shamba ilisikilizwa kwenye ofisi ya ajenti. Kapya alikuja na ovaroli yake ya gereji, Angélique na kitenge cha misa. Mayosenge aliketi chini sakafuni, akiwa ameelekeza uso mahali ambapo sauti ya ajenti ilitokea.

Ajenti alisoma. Shamba lilikuwa limelimwa kabla ya mvua, hilo lilikubaliwa. Lakini lililimwa na mashine. Mashine haiwezi kumiliki shamba. Kwa hiyo shamba halikulimwa na mwenyewe, na ni ardhi tupu.

"Bwana," Mayosenge alisema. "Nilombe kintu kimoja."

"Sema, mama."

"Kunda iko masini?"

"Kwa upande wa ardhi, ndiyo."

"Na kiboko mulipiga nani?"

"Kwa upande wa buku na kodi, yeye ni mtu."

"Asubui muntu, mangaribi masini."

"Si saa, mama. Ni ofisi mbili."

Mayosenge alicheka, cheko fupi kavu. "Ofisi mbili, na ndugu yangu moja tu. Mumukate basi katikati. Mais muangalie, iko na mafuta."

Mumba, aliyesimama mlangoni, alitazama viatu vyake.

Ajenti alifunga faili. Alimgeukia Kapya, na sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kusaidia. Alisema shamba limekwenda, hilo haliwezi kubadilika. Lakini mashine ilikuwa nzuri, imetengenezwa kwa ustadi, na ingekuwa huruma ikioza gerezani. Kapya aseme tu mbele ya karani kwamba ni mashine. Azifungue shanga kwa mkono wake. Ataipeleka nyumbani leo hii, atalima bustani za watu, atakuwa fundi mwenye trekta yake. Akisema ni baba yake, basi ni mfungwa kama wafungwa wengine.

Kupitia dirisha Kapya aliweza kumwona Kunda, aliyeletwa kutoka gerezani, ameegemezwa ukuta wa uani, bamba limebonyea. Aliijua kila skrubu. Alijua ni ipi ina uzi uliolika na hufungwa kwa kuhesabu pumzi. Alilijua boya la Abibu. Aliijua gasketi ya shaba, na joto la moto lililoilainisha. Hakuna kitu duniani alichokitengeneza vizuri zaidi, na hakuna kitu alichokitamani zaidi ya kuishika ile mishikio miwili akashuka nayo mlima.

Angélique alimtazama. Mayosenge hakugeuza uso.

"Ni baba," Kapya alisema.

"Fikiri vizuri."

"Nilifikiri na hii mikono, Bwana, tangu kiangazi." Aliinyoosha mikono yake, na kucha zilikuwa nyeusi. "Ni baba. Na shamba ni yake. Mutamufunga, atalima. Mutamupiga, atalima."

"Karani, andika kwamba amekataa," ajenti alisema.

"Andika na ya kwangu," Angélique alisema. Alisogea mpaka kwenye meza ya karani. "Andika: Angélique naye alikataa."

"Wewe hukuulizwa."

"Njo maana ninasema mbele ya kuulizwa."

Karani aliandika.

Uwanja wa tenisi ulijengwa na wafungwa, kama ilivyokuwa kawaida kwa kazi za namna hiyo. Walisawazisha matuta kwa koleo, wakatandaza udongo mwekundu wa vichuguu, wakaushindilia. Kunda alipelekwa pamoja nao, amefungwa ubao wa kusawazishia mahali pa jembe. Alipopita na ubao, nyuma yake paliinuka matuta, ya mviringo, yenye bega upande wa maji. Alipigwa kiboko. Wafungwa walisawazisha tena. Kifungo chake kiliongezwa, na kwenye sehemu ya kosa karani aliandika: kulima. Walipomfungia gerezani kwa mnyororo, matuta yaliendelea kuinuka kila Jumapili, saa ya misa ya kwanza, na saa hiyohiyo kikohozi chake kilisikika hadi barabarani.

Klabu ilifunguliwa hata hivyo. Kulikuwa na keki na bendera ndogondogo. Wanachama walizoea. Waliongeza kanuni kwamba mpira ukigonga tuta la viazi, pigo linarudiwa. Katika msimu wa mvua mashina yalipanda kwenye wavu na kuchanua maua ya zambarau, na bibi mmoja wa Kibelgiji alisema yanapendeza.

Angélique alikwenda kuchuma majani. Alikwenda mchana, na beseni kichwani, kwa lango kubwa.

"Unaenda wapi?" mlinzi aliuliza mara ya kwanza.

"Kuchuma majani ya baba yetu."

"Hapa ni kwa bazungu."

"Matembele aijui bazungu," Angélique alisema, akapita. Wachezaji walisimama kidogo ili amalize upande wao, kisha wakaendelea. Mwishoni mwa mwezi ajenti aliamuru wamfukuze, na mlinzi alimfukuza, na juma lililofuata alirudi akafukuzwa tena. Majani aliyoyapata yalitosha chungu kimoja. Vipande vya mashina alivipanda mbele ya nyumba, na jirani akaomba, na jirani wa jirani.

Shamba halikurudi. Kila Jumapili Mayosenge alimpelekea kaka yake petroli ndani ya chupa na tumbaku ndani ya jani. Njia ya Kasenga ilikuwa ileile. Wapwa waliozuiliwa Kasomeno walikuwa wengi, wakifagia ofisi na kungoja muhuri. Jioni, mtaa wa Albert, kwenye milango ya nyua nyingi, watu walisimama na makoti yao ya kazini wakitazama vigoda.

Kiangazi cha pili klabu ilichoka na koleo za wafungwa, ikanunua mashine mpya kutoka Ulaya. Ilikuwa ya kijani, yenye gurudumu moja zito la chuma la kushindilia udongo. Ilishindilia kwa muda mfupi, halafu vumbi la vichuguu likaingia kwenye karbureta, ikafa. Ikaletwa gereji. Patroni alikuwa na magari mengi yaliyongoja, akamwambia Kapya aichukue nyumbani, aitengeneze Jumamosi, airudishe Jumatatu.

Kapya aliisukuma mpaka nyumbani. Angélique alitoka jikoni akifuta mikono.

"Iko ya nani?"

"Ya klabu."

Aliizunguka. "Iko na jina?"

"Haina."

Angélique aliingia ndani. Alirudi na mkeka, akautandika katikati ya uani, na wakaipandisha mashine juu yake pamoja. Kapya alisafisha karbureta, akapuliza vijitundu vyake, akaifunga. Kisha akatandaza shuka jeupe juu ya injini, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kuleta masizi.

Habari ilifika mtaani bila mtu kutumwa. Wa kwanza kuja alikuwa mama Bwalya wa nyumba ya pembeni, ambaye kaka yake alikufa mgodini na mpwa wa huyo kaka hakupata ruhusa ya kuingia mjini. Alikuja na shanga kwenye kiganja. Nyuma yake walikuja wengine, nao wamekunja viganja juu ya shanga zao. Mitungi ya munkoyo ilibebwa. Mlangoni mwa ua wakasimama wale wa makoti ya kazini, wengi, wakakohoa kila mmoja kwa namna yake.

Mayosenge aliongozwa nje. Aliuona weupe, akanyoosha mkono, na mama Bwalya akaziweka shanga ndani yake.

Uani watu wote wakanyamaza.